Ndege mbili si kampuni: mashariki ya Congo inalipa makosa ya Kinshasa

Kati ya Kinshasa na Goma kuna zaidi ya kilometa 1500 kwa njia ya anga. Kwa njia ya chini hakuna barabara ambayo mtu anaweza kumshauri mama mwenye watoto aipite. Kuna mito, kuna pori, kuna madaraja yaliyovunjika, na toka miaka mingi kuna watu wenye silaha. Ndiyo maana mwananchi wa Congo anapanda ndege hata kama mfukoni hana kitu. Mwanafunzi, mgonjwa, mfanyabiashara wa vitenge, mjane anayefuata pesa za marehemu mume wake kwenye ofisi za Kinshasa: wote wanategemea ndege kama vile watu wa nchi zingine wanavyotegemea basi.

Kwa hiyo swali la ndege gani kampuni ya taifa inanunua ama inakodi si la wakubwa wa wizara peke yao. Linamhusu kila mtu aliyekimbia Sake, Rutshuru ama Masisi na sasa analala kwa ndugu huko Beni, Bunia, Kisangani ama Kinshasa. Na jibu ambalo serikali imetoa toka miaka kumi ni baya. Mara mbili imeanzisha kampuni ya ndege. Mara mbili imeanza na ndege kubwa mbili, picha nyingi na hotuba ndefu. Matokeo ya mara ya kwanza yanajulikana na kila mtu. Ya mara ya pili bado yanaweza kurekebishwa, kama watu watasema sasa na si baada ya ndege kukaa chini.

Somo la Congo Airways

Congo Airways ilianzishwa mwaka 2014 kama kampuni ya serikali. Ilinunua Airbus A320 mbili ambazo zilikuwa zimekwisha kufanya kazi kwa Alitalia ya Italia. A320 ni ndege yenye njia moja katikati ya viti, inabeba watu karibu 150, na ni ndege nzuri. Duniani kote kampuni kubwa zinaitumia. Lakini mkosi ulianza kabla ya abiria wa kwanza. Mwaka 2015 ndege ya kwanza ilizuiliwa Dublin, huko Ireland, kwa sababu ya kampuni za Marekani zilizokuwa zinaidai serikali ya Congo katika kesi ya zamani. Mwezi wa kumi 2015 safari zikaanza. Baadaye zikaongezwa ndege mbili za panga-boi za aina ya Q400, kwa ajili ya miji ambayo haihitaji ndege kubwa.

Haki isemwe: watu walifurahi. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, kupanda ndege ndani ya nchi ilikuwa kama kucheza bahati nasibu. Kuona ndege safi yenye rangi za taifa ikitua Goma, Kisangani ama Mbuji-Mayi kulirudishia watu moyo.

Shida haikuwa Airbus. Shida ilikuwa hesabu. Kampuni yenye ndege mbili za aina moja, ikiwa moja imeingia katika ukaguzi mkubwa, imebaki na nusu ya kazi yake. Na ukaguzi mkubwa wa ndege kama hizo haufanyiwi kichochoroni. Ndege inapelekwa nje ya nchi, inakaa wiki nyingi, na haitoki mpaka kila piesi imelipwa kwa dola. Kama pesa hazipo, wiki zinageuka miezi. Wakati huo ndege iliyobaki inazungushwa usiku na mchana, nayo inachoka mbele ya wakati wake. Siku inapoharibika, hakuna ya tatu. Abiria wa Lubumbashi anarudishwa nyumbani, wa Kisangani anaambiwa arudi kesho, na wa mashariki, ambaye ndiye wa mwisho kwenye orodha, anaambiwa angoje simu.

Pale kwenye kaunta watu wanafikiri ni uzembe wa yule kijana mwenye tai. Kijana hana kosa. Kosa lilifanyika siku ile ambapo mtu alipanga ratiba ya nchi nzima, nchi inayozidi kilometa za mraba milioni mbili, juu ya mabawa ya ndege mbili.

Agizo lililobadilishwa bila kufika

Mtu angefikiri kwamba baada ya miaka minne ya kuishi hivyo, kampuni ingetafuta A320 ya tatu na ya nne, ama Q400 zingine, ili marubani walewale na mafundi walewale waendelee na kazi wanayoijua. Haikuwa hivyo.

Mwezi wa kumi na mbili 2019, Congo Airways ilitia saini kwa Embraer ya Brazil kununua ndege mbili za E175, pamoja na haki ya kununua mbili zingine. Kwa bei ya orodha, zote nne zingefika zaidi ya dola milioni 190. Mwezi wa tano 2020 agizo likabadilishwa: si E175 tena, sasa ni E190-E2, kubwa zaidi na mpya zaidi. Halafu zikaongezwa mbili za E195-E2, kubwa kuliko hizo. Kutoka ndege ya viti karibu 80, kampuni ilijikuta imeagiza ndege inayoweza kubeba hadi watu 146. Na hayo yote yalitokea katika kipindi cha korona, wakati kampuni za ndege duniani kote zilikuwa zinapunguza, zinauza na zinaomba msaada.

Hakuna hata moja ya ndege hizo iliyobeba abiria wa Congo Airways. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeiona Ndolo wala N'djili. Zilibaki katika picha zenye rangi ya kampuni ambazo watengenezaji huchora kwa kila mteja anayetia saini.

Wakati E2 zinangojewa, mwaka 2021 kampuni ililazimika kukodi Embraer 190 kutoka Kenya Airways. Sasa hesabu ikawa hii: Airbus, Q400 na Embraer, aina tatu ndani ya kampuni isiyo na ndege hata kumi. Kwa mtu asiyejua kazi ya ndege, hilo linaweza kuonekana ni utajiri. Kwa fundi ni msiba. Rubani mwenye leseni ya Airbus haruhusiwi kuamka asubuhi akapeleka Embraer. Lazima asomeshwe upya, afanyiwe majaribio kwenye mashine maalumu nje ya nchi, alipiwe hoteli na tikiti. Tairi la Q400 haliingii kwenye A320. Mota ya moja haisaidii nyingine. Kila aina inadai stoo yake ya piesi, vitabu vyake na mafundi wake. Ni kama mtu wa Butembo mwenye pikipiki tatu za biashara, kila moja ya nchi tofauti: ikikatika mnyororo wa moja, hawezi kuazima wa nyingine, na wamotari wote watatu wanakaa chini ya mti.

Mwezi wa tisa 2023 Congo Airways ilisimamisha safari zake kwa sababu haikuwa na ndege za kuruka. Siku ile tarehe isisahauliwe, kwa sababu itahitajika tena mbele katika habari hii.

Wako wanaosema kwamba zile E2 zingefika, zingeokoa kampuni. Waangalie Tanzania. Air Tanzania ilinunua Airbus A220 mpya kabisa, ndege ya kisasa ya ukubwa unaokaribiana na E2, yenye mota za jamii moja na zile za E2. Mwaka 2022 iliilazimu kuegesha baadhi ya ndege hizo kwa sababu ya matatizo ya mota yaliyotoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Air Tanzania ilikuwa na ndege zingine za kuendelea nazo, zikiwemo Q400 ilizoanza nazo mwaka 2016. Congo Airways ingeendelea na nini? Ndege mpya nayo inakaa chini. Kinachookoa abiria siku hiyo ni kuwa na nyingine ya kuchukua nafasi yake.

Air Congo: rangi mpya, hesabu ileile

Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 2024 ilianza kuruka kampuni mpya, Air Congo. Serikali ina asilimia 51, Ethiopian Airlines ina asilimia 49. Jina lenyewe ni la zamani. Wazee wanalikumbuka toka 1961, kabla ya kugeuzwa Air Zaïre, ambayo ilifilisika 1995. Kampuni mpya ilianza na ndege ngapi? Boeing 737-800 mbili.

Mbili tena.

Kuna tofauti moja kubwa, na si haki kuificha. Mara hii nyuma ya kampuni kuna mwenzi anayejua kazi. Ethiopian ni kampuni kubwa kuliko zote Afrika, ina gereji zake Addis-Abeba, ina shule ya marubani, ina 737 nyingi. Ndege moja ya Air Congo ikiharibika, nyingine inaweza kutoka Addis. Hilo ni jambo zuri, na Congo Airways haikuwa nalo.

Lakini mwenzi anayeazima ndege anaazima kwa faida yake. Siku Ethiopian yenyewe itakapohitaji ndege zake, wakati wa sikukuu ama wakati wa haji, nani atatangulia: abiria wa Addis ama abiria wa Kindu? Mkataba ndio unapaswa kujibu, na wananchi wenye asilimia 51 hawajawekewa mkataba huo mezani.

Tena, kuna jambo ambalo linauma zaidi. Ethiopian hiyohiyo, ndani ya nchi yake yenye milima, haitumii Boeing peke yake. Ina Q400 zaidi ya ishirini, ndizo zinapeleka watu Gondar, Lalibela na Jimma. Ilipoingia Malawi mwaka 2014 na asilimia 49, kampuni ile ilianza na Boeing 737 pamoja na Q400. Ilipoingia Zambia mwaka 2021, Zambia Airways ilianza na Q400, kati ya Lusaka na miji ya karibu. Malawi ni nchi ndogo ambayo mtu anaweza kuivuka kwa gari kwa siku chache. Congo, ambayo haina barabara ya kuivuka, ndiyo ilianza na Boeing tupu.

Nani aliomba iwe hivyo? Mtu anayejua biashara ya ndege kama Ethiopian asingesahau ndege ndogo kwa bahati mbaya. Ama haikuombwa, ama iliombwa ndege inayopendeza kwenye picha.

Boeing haifiki kila mahali

Boeing 737-800 ni ndege inayofaa kati ya Kinshasa na Lubumbashi. Safari ni ndefu, abiria ni wengi, viti vinajaa, na ndege kubwa ikijaa, gharama ya kila kiti inashuka. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi unaanza pale ndege hiyo inapoelekezwa mashariki. Goma iko mita 1500 hivi juu ya bahari, na Kavumu, kiwanja cha Bukavu, kiko juu zaidi. Mahali pa juu hewa ni nyepesi. Mota na mabawa vinapata nguvu kidogo, na ndege inataka njia ndefu zaidi ili kuruka. Njia isipotosha, inabidi kupunguza watu, mizigo ama mafuta. Watu wa Goma walilijua hilo toka mwezi wa kwanza 2002, wakati moto wa Nyiragongo ulipofunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia. Tarehe 15 mwezi wa nne 2008, ndege ya DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia na kuingia Birere. Walikufa watu karibu 40, wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa sokoni na majumbani kwao.

Q400 ina viti zaidi ya sabini. Inaridhika na njia fupi kuliko Boeing, na katika safari fupi inakunywa mafuta kidogo kwa sababu haihitaji kupanda juu sana. Kati ya Kisangani na Bunia, ama Bunia na Beni, ama Kindu na Kisangani, ndege ya aina hiyo inajaa na inarudi siku ileile. Boeing ikiletwa katika njia hizo, itaruka nusu tupu, itapoteza pesa, na baada ya miezi mitatu ofisi itatangaza kwamba "njia imesimamishwa kwa muda". Msikilizaji wa Beni anajua maana ya "kwa muda". Rughenda, kule Butembo, hakuna anayengoja Boeing itue. Biashara yote ya mji ule wa watu wengi inangojea ndege ndogo.

Na kuna watu ambao hesabu hiyo wameisoma zamani. Ndege za UNHAS, zile za Umoja wa Mataifa zinazobeba wafanyakazi wa misaada, zinatumia ndege ndogo kufika pale wahanga walipo. Mashirika mengi hayaruhusu watu wao kupanda kampuni za Congo, kwa sababu toka 2006 Umoja wa Ulaya umeziweka zote katika orodha yake nyeusi. Kwa hiyo anayeleta sabuni na turubai kambini anafika kwa ndege inayofaa mahali pale. Yule anayepewa sabuni, akitaka kumpeleka mtoto wake hospitali kubwa ya Kisangani, hana ndege ya taifa lake.

Vita ndivyo vilivyofunga viwanja?

Kinshasa ina jibu moja ambalo linatolewa kila mara: vita. Ni kweli kwamba mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipoingia Goma, kiwanja cha Goma kilifungwa kwa ndege za abiria, na wiki chache baadaye Kavumu nacho kikafuata. Hakuna kampuni, hata yenye ndege mia, inayoweza kutua mahali penye vita. Familia zilizotaka kuungana na wenzao upande mwingine zimelazimika kuzunguka kupitia nchi jirani, ziingie Uganda na kutokea Kasindi, kwa siku nyingi na pesa nyingi.

Lakini tarehe zisichanganywe. Congo Airways ilisimama mwezi wa tisa 2023. Siku ile kiwanja cha Goma kilikuwa wazi, Kavumu kilikuwa wazi. Si vita vilivyoifunga Congo Airways. Ilijifunga yenyewe kwa kukosa ndege, na ilikosa ndege kwa sababu ya namna ilivyozichagua.

Tena vita ndiyo sababu kubwa ya kutaka ndege ndogo. Goma na Bukavu zilipofungwa, mzigo wote ulihamia Bunia, Beni, Kisangani, Kindu na Kalemie. Hapo ndipo kampuni yenye ndege za ukubwa tofauti ingeonyesha kazi yake: ingeondoa viti mahali pasipopitika na kuviweka mahali watu walipokimbilia. Kampuni yenye Boeing mbili tu, iliyokwisha kuahidi Lubumbashi na Mbuji-Mayi, haina cha kuhamisha.

Wengine wanasema ndege ndogo ndizo zinaua. Wanataja Dornier ya Busy Bee iliyoanguka Mapendo, mjini Goma, mwezi wa kumi na moja 2019. Ni kilio ambacho mji haujasahau. Lakini DC-9 ya Birere haikuwa ndogo, na Boeing 727 iliyoanguka Kisangani mwezi wa saba 2011 na kuua zaidi ya watu 70 ilikuwa kubwa. Kinachoua ni ndege iliyochoka, ukaguzi uliorukwa, uzito uliozidi na mkubwa aliyefumba macho. Ukubwa wa ndege hauponyi hata kimoja cha hivyo.

Wengine tena wanasema kampuni za watu binafsi zipo, ziachiwe mashariki. Zipo kweli, na kwa miaka mingi ndizo zilizobeba watu wa Kivu na Ituri wakati serikali haikuwa na kitu. Lakini mahali penye kampuni moja ama mbili, bei inapangwa na mwenye ndege. Anayekimbia hawezi kubishana na bei. Kama kampuni yenye asilimia 51 za wananchi inakwenda pale penye faida nono peke yake na kuwaachia wengine wahanga wa vita, basi neno "taifa" liondolewe kwenye mabawa yake.

Ndoto ya Ulaya

Toka Air Congo ianze, viongozi wamekuwa wakitaja Boeing 787, ndege kubwa za kwenda mbali. Ni vizuri nchi kuwa na ndoto. Lakini kampuni za Congo bado haziruhusiwi katika anga ya Umoja wa Ulaya. Kuleta 787 mbele ya kutoka katika orodha nyeusi ni kama kununua meza ya kioo kwa nyumba isiyo na paa.

Nchi hii imekwisha kuona ndoto hiyo. Air Zaïre ilikuwa na DC-10 za kwenda Ulaya, na Mobutu alikuwa akikodi Concorde kufika Gbadolite. Wakati uleule Fokker 27, zile za panga-boi zilizokuwa zinaunganisha miji ya ndani, zilikuwa zinapungua moja moja. Kampuni ilipokufa, DC-10 haikuwasaidia watu wa Bunia. Walichokosa ni Fokker.

Nini ifanywe

Kwanza, ndege zinazofuata za Air Congo ziwe za kuimarisha zile zilizopo: Boeing 737 ya tatu na ya nne kwa njia ndefu, na aina moja tu ya panga-boi kwa njia fupi. Aina mbili, basi. Kila mkubwa atakayekuja na picha ya aina ya tatu aulizwe nani atalipa marubani wake, mafundi wake na stoo yake.

Pili, kusiwe na mji mpya kwenye ratiba mpaka kuwe na ndege ya akiba. Mji unaofunguliwa kwa sherehe na kufungwa baada ya miezi michache unaumiza kuliko mji ambao haukuahidiwa kitu. Kuna watu waliouza mbuzi na kipande cha shamba kwa ajili ya tikiti ambayo haikuruka.

Tatu, mkataba na Ethiopian uwekwe wazi: ndege ni za nani, zinakodiwa kwa bei gani, nani anaamua moja ikiitwa Addis, na Congo inalipa nini ikiwa inachelewa kulipa. Vilevile serikali ieleze wazi pesa ngapi zilitoka kwa ajili ya zile Embraer ambazo hazikufika, na zimeishia wapi. Mtu hawezi kuandika ukurasa wa pili wakati wa kwanza umechanwa.

Nne, mashariki iwe na ndege zake. Si ndege inayobaki baada ya Kinshasa na Lubumbashi kushiba. Ndege mbili ama tatu za panga-boi zikilala Kisangani, zikianza kazi asubuhi kuelekea Bunia, Beni, Isiro na Kindu, zitafanya zaidi kwa umoja wa nchi hii kuliko hotuba kumi za televisheni. Na siku Goma na Kavumu zitakapofunguliwa kwa wote, ndege hizo zitakuwa karibu, tayari kuwarudisha watu kwao.

Wabunge wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri, Maniema, Tshopo na Tanganyika wana haki ya kumwita waziri wa uchukuzi bungeni na kumwuliza swali la mdomo. Wengi wao wenyewe wanaishi Kinshasa na hawawezi kurudi kwa waliowachagua. Swali liwe fupi: Air Congo ina ndege ngapi zake mwenyewe, za aina gani, na ipi kati yao inaweza kutua Beni?

Waziri akijibu kwa jina la ndege, kwa namba na kwa tarehe, watu watasikiliza. Akijibu kwa maneno ya fahari ya taifa, wabunge wasipige makofi. Watu walioko Oicha, Komanda na Kasindi hawapandi fahari. Wanangoja ndege yenye kiti, yenye bei ambayo familia inaweza kuchangishana, na itakayoruka siku ile iliyoandikwa kwenye tikiti.